Maryam Yuko Mgongoni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi kile kikohozi, kimekuachia ulale? Mimi huku Al Warqa, ughaibuni kwa Waarabu, ni mzima wa afya. Ningeweza kukupigia simu, lakini haya nataka mjomba akusomee polepole.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimeshafunga sanduku. Madam, tajiri wangu, alinunua mbeleko ya dukani, yenye mikanda na vifungo, nimbebe binti yake Maryam nikifanya kazi. Mtoto ana miezi tisa, anakaa vizuri, ila hataki kuwekwa chini. Mimi nikajiona fundi. Nani wa kunifundisha kubeba mtoto, niliyelea wadogo zangu wanne mgongoni? Mikanda sikuikaza. Nikainama kuokota nguo kama tunavyoinama nyumbani, miguu imenyooka. Kanga ingemshika, lakini mbeleko ile ilikuwa imelegea, Maryam akateleza hadi begani, kichwa kikaning'inia. Nilimdaka mguu. Hakuumia, lakini madam alikuwa mlangoni.

"Khalas, basi," akasema. "Jumatano unarudi kwenu."

Mama, nililia. Nitamwambia nini mwanangu Zuhura, anayesoma kwa kazi hii? Kisha nikafuta machozi nikamfuata madam. Nikamwambia kosa ni langu, ila kabla ya Jumatano aniangalie nikijifunza.

Nikachukua mfuko wa mchele wa kilo kumi, nikauvika nguo ya mtoto. Nikaketi kitandani, nikauzungusha kutoka kiunoni hadi mgongoni, mkono mmoja hauuachii hata mara moja. Nikakaza mikanda mpaka ukanigandama. Nikamweleza madam: mtoto akae magoti yakiwa juu kuliko makalio, uso usifunikwe na nguo, kidevu kisilalie kifua, apumue. Kuokota kitu, unachuchumaa, mgongo wima. Siku tatu mchele ulizunguka nyumba nzima. Siku ya pili madam alicheka, akajifanya anakohoa.

Jumanne akamleta Maryam mwenyewe. Akaingiza vidole kwenye kila mkanda, akakosa pa kulalamika. Nikadeki sebule yote, mtoto akalala.

Jumatano tiketi haikutajwa. Walikuja dada wawili wa madam, nao wana watoto wachanga. Madam akajaribu kuwaeleza, akakwama kwenye kifungo cha kifuani, akaniita, "Mwanahamisi, yalla, njoo. Mwalimu ni wewe."

Mgeni njoo mwenyeji apone, mama. Ungewaona wanawake watatu wenye abaya za hariri, wamejipanga sebuleni, kila mmoja na mchele wake mgongoni, na mimi napita nyuma yao nikivuta mikanda. Nilijivuna, sikufichi.

Nisalimie shangazi Mwanaidi aliyeniombea dua, na mama Rukia jirani yetu. Mjomba Seif msomaji, shikamoo, na usiruke mahali. Zuhura mwambieni aende shule bila wasiwasi. Mama yake habanduki hapa mpaka mkataba uishe.

Ni mimi mwanao,
Mwanahamisi, aliyekwisha kulifungua sanduku