Kadi Mpya na Aliyesimama Ng'ambo ya Daraja

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, mvua ikipungua.

Mpendwa Wifi,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko nyuzi za cherehani yangu. U hali gani huko uliko? Kifua cha Mama kimepoa? Watoto wameshazoea baridi, au bado wanalala na soksi? Sisi tu wazima, tena mimi ni mzima kupita kiasi, maana ndoa imenikubali. Kaka yako akirudi kazini hunipigia mluzi tangu chini ya ngazi, na mimi nikiusikia nasahau hata mguu wangu uko kwenye pedali. Utanicheka, najua. Cheka tu.

Mashuka uliyotutumia yamefika. Tuliyatandika siku hiyohiyo, na zaidi ya hapo sisemi.

Nakuandikia kwa jambo ambalo nilishindwa kulisema kwenye simu. Linahusu ile kompyuta kuukuu ya kaka yako ya kuchezea gemu, na marehemu Baba.

Unakumbuka miguu ya Baba ilipogoma na akakatazwa kupanda jukwaa la ujenzi, kaka yako akamfundisha gemu ya kujenga. Naambiwa alianza kwa kuicheka, kisha ikawa habanduki. Mwashi wa maisha yake yote, akawa anajenga kwa kidole. Nilipoolewa niliikuta kompyuta pembeni mwa chumba, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa, na kijiji kizima alichojenga Baba kimo ndani. Kaka yako hunitembeza humo, wifi, kama wenzake wanavyowatembeza wake zao bustanini.

Mwisho wa kijiji kuna daraja. Ng'ambo yake ulikuwa ukungu mtupu, kwa sababu kadi ya picha, yaani kile kifaa cha ndani kinachochora kila unachokiona kwenye kioo, ilikuwa imechoka na haifiki mbali. Na kwenye ukingo wa ule ukungu alikuwa amesimama mtu.

Niseme kivuli cha mtu. Kirefu, bega moja limeshuka, mkono wa kulia umenyooshwa pembeni kana kwamba umeegemea kitu, na hapo ulipoegemea hapana kitu. Hakitembei. Kaka yako alinionyesha wiki ya kwanza ya ndoa, kwa sauti ya chini, kama anayenitambulisha ukweni. Nami nikasema shikamoo. Naam, niliiamkia kompyuta.

Kumfikia haikuwezekana. Ukivuka daraja tu feni inalia, picha inakatika, mashine inazima. Baadaye ikaanza kuzima hata kabla ya daraja, tena na harufu ya plastiki inayoungua. Tukamwita Fundi Miwani, mwenye kibanda cha kompyuta mtaa wa pili. Akasema kadi inakufa, na ikifa vibaya inaweza kuondoka na mashine nzima na kila alichojenga Baba. Kivuli hakikumshtua, kadi iliyochoka huchora madoa. Ila akauliza kama doa linahama nasi tukigeuka mle ndani, maana doa la kadi hukaa palepale kwenye kioo. Kaka yako akasema hapana, linabaki ng'ambo ya daraja. Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza kuzungumzia mvua.

Aliichukua kadi akaijaribu kwenye mashine yake kibandani. Alipoirudisha hakukaa. "Kadi inaumwa joto," akatuambia. "Lakini hilo doa lenu, kwangu halikutokea."

Hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza, kama ulikuwa unangoja kusikia. Mimi nataka kadi mpya, yeye hataki. Akaweka kiganja juu ya kompyuta. "Ukiitoa hii kadi unamtoa Baba," akasema. Nikamwambia ikiungua Baba hataondoka peke yake, ataondoka na nyumba zake zote. Alikula amenipa mgongo, na mgongo wenyewe, wifi, ni mzuri, nikashindwa kununa. Kesho yake akaniambia nichague mimi, yeye mkono wake hauwezi.

Nikaenda kibandani na futi yangu ya kupimia nguo. Nilishalipima tumbo la kompyuta kama mteja wa gauni. Fundi akanitolea kadi kubwa yenye feni tatu na taa kama gari la harusi. Niliipenda, lakini akanieleza kwamba kisanduku cha umeme cha mashine yetu hakiwezi kuilisha, na ubongo wa mashine ni wa zamani, kwa hiyo kadi ingekaa ikiusubiri kama kijana anayetembea na kikongwe. Kulikuwa na nyingine ndogo isiyotaka hata waya wa umeme. Hiyo ingeuacha ukungu palepale. Nikachukua ya katikati, iliyokwisha kutumika, ya waya mmoja. Fundi aliiwasha mbele yangu, tukanywa chai mpaka birika likaisha, nayo haikupata joto la kutisha.

Urefu niliupima vizuri. Nilichosahau ni kwamba ule waya unachomekwa ubavuni na unajitokeza nje, na mfuniko ukagoma kufunga. Kaka yako akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile, akaniita mshonaji wa gauni lisilo na pa kupitishia kichwa. Basi nimeishonea kompyuta pazia la chandarua. Inapendeza.

Kabla ya kuwasha alinishika mkono. Kijiji kikatokea safi, jani mojamoja unaliona. Tukaenda mpaka darajani. Ukungu haukuwepo. Na yeye hakuwepo.

Kaka yako akaanza kuuachia mkono wangu. Lakini pale alipokuwa amesimama palikuwa na nyumba, nyumba kamili, ambayo kaka yako hakuwahi kuiona. Baba atakuwa aliijenga miezi ile ya mwisho, kaka yako akiwa kazini mbali, nayo kadi ikiwa bado na nguvu. Kando ya mlango, usawa wa bega, kuna tofali moja la rangi tofauti. Wewe umelelewa ndani ya nyumba ya Baba, unalijua tofali hilo. Naambiwa hakumaliza nyumba bila kuliweka, ili mwenye nyumba apate pa kuegemea akiwatazama wageni wanakuja.

Kaka yako aliligusa kwa kidole juu ya kioo.

"Kumbe alikuwa ameegemea," akasema.

Tukaingia. Chumba kimoja ni kikubwa. Kingine dirisha lake liko chini, kimo cha mtoto kuchungulia. Niliona haya kana kwamba mkwe wangu amenitazama tumboni. Na madirisha yote hayana mapazia, wifi. Nyumba nyingine zote za kijiji zinayo. Baba alifariki hata mtaa wenu sijaujua. Nani alimwambia kwamba mwanawe ataoa mshonaji?

Ninalokuomba uniambie ni hili: aliwahi kukutajia nyumba hiyo? Maana tukimaliza matembezi tunatoka, kaka yako anafunga mlango, mimi nashuhudia, tunazima mashine. Tukiwasha tena tunaukuta wazi. Fundi Miwani ameikagua kadi, akasema ni nzima, na mle ndani hakuna upepo wala mchezaji mwingine. Chai hakuitaka.

Kaka yako haufungi tena. Anasema mwenyewe akitaka uwe wazi, basi uwe wazi. Tangu hapo analala vizuri, na mluzi wake wa ngazini umekuwa mrefu zaidi. Mimi nimeanza kuchagua rangi ya mapazia. Ila sipiti pale mlangoni bila kubisha hodi, na nikishabisha husubiri kidogo, nikisikiliza.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mama umwamkie kwa niaba yetu, umsimulie habari za nyumba na tofali. Habari za mlango usimwambie kwanza.

Mungu akufunike unapotoka na akutangulie unaporudi.

Wifi yako akupendaye kuliko futi inavyoweza kupima,
Bibi Harusi wa Ghorofani