Yule Mtu Wako Nimemwona Doha

Baba,

Yule mwigizaji wako wa Kihindi nimemwona kwa macho yangu. Si kwenye skrini. Alipita mbele yangu karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningemgusa koti. Wamemwandalia siku nzima ya filamu zake kwenye hoteli ninayolinda huku Doha, kisiwa cha The Pearl, na mimi nilipangwa mlango wa ndani wa ukumbi.

Huu ni mwezi wa saba tangu uzikwe, na sijawahi kukuandikia. Niliondoka Tanga bila radhi zako, ndiyo sababu. Mama anasema ulinisamehe, lakini Mama humwambia hivyo kila mtu. Wewe nikikupigia simu ulikuwa unaniuliza habari za joto, kisha unampa Mama.

Asubuhi walianza na zile za ujana wake, alipokuwa mtu wa kupigwa tu na kutupwa kwenye mapipa. Nilikusikia na kipaza sauti chako, ukitutafsiria pale kwenye banda lako la video: "Huyu leo wali hali." Kisha akawa mpenzi wa kuimba milimani, akawa polisi, akaota mvi, akaanza kuongoza filamu mwenyewe. Mtu mmoja, maisha yote yale! Nilisahau kama niko kazini. Filamu zote nilizijua, ila kwa sauti yako, maana Kihindi mtaani kwetu kilipitia mdomoni mwako. Na hukukijua, mzee wangu. Miaka mitatu nimekaa huku mtaa wa Najma chumba kimoja na wasichana wa Kihindi, nimeokoteza maneno, sasa najua ulivyotudanganya. Yule shangazi uliyesema ni mchawi kumbe daktari.

Mchana ikaja ile aliyoiongoza na kuigiza yeye mwenyewe, ya fundi cherehani ambaye binti yake anakwenda kufanya kazi mbali. Binti anabeba begi, baba anampa mgongo, anashona. Hapo bandani ulikuwa unashusha sauti, na akina mama wanafuta macho: "Nenda mwanangu, radhi zangu unazo." Nikalisubiri hilo neno. Mzee anashona mpaka mlango unafungwa, hasemi kitu. Halimo, Baba. Halijawahi kuwamo.

Filamu ilipokwisha, mtu mmoja ukumbini akamuuliza yule mwigizaji wako mbona baba yule hasemi. Akajibu kwamba maneno aliyaandika, ila siku ya kupiga picha yalimkwama kooni, akageuka ili kamera isimwone akilia.

Nililia pale pale na redio ya kazi mkononi. Akinyi, mlinzi mwenzangu wa Kisumu, akaninong'oneza, "Wee, panguza macho, supavaiza anakam."

Siku naondoka na wewe ulinipa mgongo. Ulikuwa unafungua na kufunga nyaya za spika ambayo haikuwa na kasoro yoyote, na mimi nikajua umekasirika. Miaka yote mitatu nimeamini hivyo.

Radhi nimezipokea, Baba. Nikipata likizo nakuja kukusomea Yasini, kisha nitakaa hapo kaburini nikusimulie filamu zako zote zilivyo kweli. Ile ya fundi cherehani sitaigusa. Hiyo itabaki ulivyoisema wewe.

Pumzika, mzee wangu.

Mwanao,
Mwanaidi