Neno Moja la Amerikani

Homa Bay, Jumapili, Aprili 1996

Mvua imenyesha tangu alfajiri na ziwa limefichika kabisa. Bado niko wodini. Binti yangu amelala kifuani kwangu, naandika kwa mkono mmoja.

Yu hai.

Nilitoka Suna kuja kumtembelea mama mkwe, mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake. Ni mdogo hivi kwamba niliogopa kumgusa. Muuguzi aliniambia nimfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, asipate baridi. Lakini leso zangu zote zilikuwa zimelowa, na kwa mvua hii hakuna nguo inayokauka.

Kwenye kitanda cha pili yuko msichana aliyejifungua, anauguzwa na mama yake kutoka Kegonga. Yule mama ni Mkuria, mama mkwe wangu ni Mjaluo. Walikuwa wakisalimiana kwa kichwa tu. Kila mmoja ana lugha yake, na Kiswahili chao ni cha sokoni, cha kuuliza bei.

Jana mchana mama mkwe alisimama katikati ya vitanda, mikono mitupu, akitafuta maneno. Alipata moja.

"Amerikani," alisema. "Iko amerikani?"

Yule mama alimtazama mtoto kwanza. Kisha akainama, akatoa kwenye kikapu kipande cha amerikani, ile pamba nzito ambayo haijapaushwa. Alikuwa akikitarizi maua kiwe kitambaa cha kiti. Akachomoa sindano, akakata uzi kwa meno.

"Chukua, mama. Funga mtoto."

Walinifunga wao wawili, mmoja akishika, mwingine akikaza fundo. Mtoto alitetemeka, akatulia. Halafu nikahisi joto.

Mimi hufundisha jiografia. Nimewaonyesha watoto Amerika kwenye ramani mara nyingi, na bahari zote zilizo katikati. Amerikani nimeishona tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kufikiri ni neno lilelile. Meli zilileta kitambaa kutoka huko hadi pwani, wapagazi wakakibeba hadi bara, na kila aliyekipokea akapokea na jina lake. Siku hizi kinafumwa hapahapa, jina halijaondoka. Hata kitambaa cha jinja nilichoshonea mapazia yangu: Jinja ni mji, ng'ambo ya ziwa hili.

Nchi nzima imekuwa kitu cha kumfunga mtoto asife.



Leo muuguzi amempima, ameongezeka kidogo. Mama wa Kegonga anajiandaa kurudi kwao na binti yake. Nilitaka kumnunulia kitambaa kingine, akakataa. Nikamuuliza basi nimrudishie nini.



"Akikua," alisema, "mwambie ako na nyanya Kegonga."

Mama mkwe alikuwa kando yangu. Alimshika yule mama mkono, na hakuuachilia upesi.

Sijawahi kufika Kegonga. Itabidi niijue njia.