Usiache Pengo

Chepkoilel, Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Baba yangu, Mwalimu,

Mulembe, Baba. Mulembe kwako, kwa Mama, na kwa kila anayelala chini ya bati hilo. Magoti yanasemaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba baridi imeyashika tena, na kwamba siku hizi unafika kanisani watu wakiwa tayari wanatoa sadaka. Paka ile dawa niliyotuma na usiidharau kwa sababu inanuka. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Barua yako ilinifikia Jumatano, nikaichukua kwa dereva wa gari la Chwele. Tangu masikio yako yakatae simu nimezoea bahasha zako za kaki, na nimezoea pia kukuta ndani yake barua yangu ya awali, imesahihishwa kwa biro nyekundu. Safari hii umenipa kumi na saba kwa ishirini, ukaandika pembeni kwamba mwandiko wangu umeanza kulala. Ni kweli, umelala. Hii nayo utaisahihisha, lakini nakuomba uisome mpaka mwisho kabla ya kuifungua hiyo biro.

Umeniuliza maswali matatu, umeyapanga moja, mbili, tatu, kama ilivyo desturi yako. Nitafika huko. Kwanza nikueleze mtihani wenyewe ulivyo, maana Mama amekueleza nusu na majirani wamekueleza uongo. Hakuna mtu aliyeuza nafasi yangu. Hakuna aliyeniuliza natoka kabila gani. Ningefurahi kama ingekuwa hivyo, ningepata mtu wa kumlaani.

Mtihani wa kuwaajiri makarani wa serikali una sehemu tatu, na zote hufanywa siku moja. Sehemu A ni maarifa ya jumla: katiba, kazi za kaunti, maadili ya mtumishi wa umma. Sehemu B ni hesabu na mantiki: asilimia, majedwali, mfululizo wa namba, na yale matangi yako ambayo mfereji mmoja unajaza na mwingine unatoa. Hizo mbili zina maswali arobaini kila moja, na unachagua jibu kwa kupaka penseli kwenye kiduara cha A, B, C au D. Sehemu C ni ya kuandika: barua rasmi, muhtasari, kumbukumbu za mkutano. Ukipita hapo ndipo unaitwa kwenye mahojiano. Naujua mtaala huo kuliko ninavyoijua Sala ya Bwana, na unajua kwa nini? Kwa sababu ni mimi niliyeuchapa.

Tangazo lilipotoka, watu walianza kuja saibani, pale dukani ninapowachapia watu kazi kwenye kompyuta, na picha za simu zilizojaa ukungu wakitaka zitolewe nakala. Mama Jerono, mwenye saiba, akaniambia niuchape mtaala wote upya ili tuwe nao safi. Nikauchapa, kurasa sita. Kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya mada yoyote, kuna maagizo, na agizo la nne linasema hivi: jibu sahihi lina alama moja, jibu lisilo sahihi linakata nusu alama, na swali lililoachwa wazi halipati kitu wala halikatwi kitu. Hilo nililiwekea herufi nzito mimi mwenyewe. Niliona watu watalipita haraka, nikawahurumia.

Miongoni mwa waliokuja kununua alikuwa Chebet, binti wa mkulima wa mahindi kutoka Kesses, amemaliza chuo juzi tu. Aliponiuliza kama kuna mahali watu wanasomea mtihani huo, nikamwambia mahali ni hapa, Jumapili mchana, tukitoka kanisani. Tukawa tunakaa wawili nyuma ya mashine ya fotokopi. Mimi nilimfundisha kuandika kumbukumbu za mkutano, yeye akanifundisha mfululizo wa namba. Siku moja akaliona lile agizo la nne.

"Madam, hii ya kukata half ni serious?"

"Ni serious. Kama hujui, ruka. Wacha blank."

"Lakini si tichaa wetu wa primo alikuwa anasema kama hujui upige C?"

"Hiyo ilikuwa ya class eight, Chebet. Hapa ukipiga C, ni wewe utapigwa."

Tulicheka sana siku hiyo. Mganga hajigangi, Baba. Methali hiyo ulinifundisha wewe.

Siku ya mtihani nilianza na sehemu C kwa sababu ndiyo yangu. Barua rasmi iliniteremka kalamuni kama maji. Sehemu A nayo haikunisumbua. Kwenye B nilijibu maswali ishirini na moja ambayo ningeweza kuyaapia mbele ya hakimu. Yaliyobaki yalikuwa kumi na tisa. Niliyasoma mara ya pili, nikaona siyajui, nikaweka penseli mezani. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu hata kabla ya kuingia: nikiyaacha yale nisiyoyajua, nitapita. Sitapita kwa kishindo, lakini nitapita. Msimamizi akatangaza, "Ten minutes remaining." Nikaitazama karatasi, viduara kumi na tisa vitupu, mstari kwa mstari.

Ndipo nilipokuona, Baba.

Nilikuona ukiwa na lile koti la kijivu, mbele ya darasa la sita. Unaikumbuka siku hiyo? Labda huikumbuki, mtu aliyefundisha miaka thelathini hawezi kukumbuka kila kiboko. Ilikuwa hesabu ya wiki. Nilikuwa nimeacha maswali mawili. Ukaniita mbele, si kwa jina, ukasema, "Mtoto wa Mwalimu aje." Ukanichapa viboko viwili, kimoja kwa kila pengo, kisha ukaligeukia darasa ukasema, "Aliyekosea nitamsahihisha. Aliyeacha pengo nitamsahihisha nini? Pengo ni uvivu. Kama hujui, piga C, Mungu atajua la kufanya." Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Nami niliitikia, huku nimejishika makalio. Kuanzia siku hiyo mpaka namaliza kidato cha nne sikuwahi kuacha swali. Kila mara uliwaambia wageni, "Huyu wangu haachi pengo," na mimi nilivimba kichwa.

Mkono ulienda wenyewe. C, C, C, mpaka chini. Nilivipaka vyote kumi na tisa kwa muda usiozidi dakika tatu. Na nikwambie linaloniuma zaidi: nilijisikia vizuri. Niliondoka pale nimetulia, kama mtoto aliyemaliza kazi yake na anajua hatachapwa. Nilikumbuka agizo la nne nikiwa nje, nimesimama kwenye foleni ya kuchukua simu yangu. Nikakaa kwenye majani, na mama mmoja akaniuliza kama nimekunywa chai.

Matokeo yalitoka. Kila mtu alipewa karatasi yake inayoonyesha kila sehemu. Kwenye sehemu B yangu imeandikwa: sahihi ishirini na tano, makosa kumi na tano, yaliyoachwa sifuri. Yale ishirini na moja yangu yote yalikuwa sahihi, Baba, yote. Zile C kumi na tisa ziliniletea nne na kunikata saba na nusu. Kwa jumla ya sehemu zote, waliopita walianzia sitini na tano. Mimi nina sitini na tatu na nusu. Nikiuondoa ujinga ule wa dakika tatu nina sitini na saba. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko ulivyowahi kunipa kazi ya nyumbani.

Chebet aliacha maswali kumi na manne na akapita. Alikuja saibani amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, kutoka kwa mama yake, akinikumbatia na kulia. "Madam, ni wewe! Ni wewe umenisaidia! Wewe umepata ngapi?" Nikamwambia. Akakiweka kibuyu mezani. Kisha akauliza polepole, "Lakini si ni wewe uliniambia niwache blank?" Nilikunywa mursik ya ushindi wa mtu mwingine, Baba, na nikasema ni tamu, kwa maana mtoto wa watu hakuwa na kosa. Mama Jerono alinipa pole mara mbili. Kisha akaniambia, "Kesho ufungue mapema, kuna wengine wanataka syllabus ya intake ijayo."

Intake ijayo si yangu. Umri wa mwisho ni miaka thelathini na mitano, na unajua nilizaliwa mavuno ya mwaka gani, kwa maana ndiwe uliyeniita Nekesa, mtoto wa mavuno. Kwa hiyo nachapa mtaala na kuwauzia watoto wa miaka ishirini na miwili. Wanalipita agizo la nne haraka, kama nilivyodhani. Nawaambia, "Someni hapo." Wananitazama kama mama wa kijijini anayetoa ushauri wa bure.

Unajua nilichokuwa nakitaka kwenye kazi ile. Sikutaka kuitwa mheshimiwa. Karani wa serikali anatoka kazini saa kumi na moja. Mimi natoka saibani saa tatu usiku, na mtoto hawezi kulelewa chini ya meza ya fotokopi. Nilitaka kumchukua mwanangu Nafula. Ana miaka tisa, na minne kati ya hiyo ameishi nanyi. Nilikuwa nimeshamwona mwalimu mkuu wa shule moja hapa karibu, na nilikuwa nimeshamwambia Nafula mwenyewe kwamba Januari atakuwa kwangu. Hilo ndilo kosa langu la pili. Juzi aliniuliza kwenye simu kama Januari bado iko. Nikamwambia iko, Januari haiendi popote. Sijui nilimaanisha nini.

Nina hasira nawe, Baba. Naiandika hivyo ilivyo, usiitafutie rangi nyekundu. Ulikuwa ukisema samaki mkunje angali mbichi. Ulinikunja, nikakauka hivyo hivyo, na siku nilipotakiwa kunyooka kwa dakika kumi tu, sikuweza. Niliyachapa maagizo kwa mkono wangu, nikamfundisha mwenzangu, naye akayafuata. Mimi nilikufuata wewe. Nina hasira na nafsi yangu pia, kwa maana mwanamke wa umri wangu hapaswi kuogopa fimbo iliyokwisha kuwa kuni. Lakini yangu najua pa kuiweka. Yako ndiyo sijui.

Jambo moja tu naomba, na hili silitanii. Mama aliniambia, bila kujua ananichoma, kwamba kila jioni Nafula anakaa nawe mezani na vitabu, na kwamba "siku hizi haachi pengo hata moja." Nimekuwekea humu nakala ya mtaala. Fungua ukurasa wa kwanza, agizo la nne, nimelipigia mstari. Msomee Nafula. Mwambie ni babu anayesema, kwa maana akisikia kwangu hatalisikia. Akiacha swali, usimsimamishe. Muulize tu, "Hili hulijui?" Akisema hajui, mwambie vizuri, endelea na lingine. Ukimfundisha hilo nitajua barua hii umeisoma.

Nisalimie Mama, mwambie zile ndizi alizotuma zilifika zimeiva na hazikumaliza siku mbili. Nisalimie kaka Wanjala na ng'ombe wake wa plau, mwambie aache kusema kwamba huku mjini nimepata kaka mwingine nikamsahau yeye. Shangazi Nasimiyu, aliyefunga siku tatu akiniombea, mshukuru sana, na umwambie maombi yalifika, ila mimi ndiye niliyeyapaka penseli. Nafula mbusu kwenye paji la uso, hata kama wewe si mtu wa kubusu.

Sasa maswali yako.

Swali la kwanza, nilipata alama ngapi: sitini na tatu na nusu.

Swali la pili, kama nitakuja Krismasi: nitakuja. Msinichinjie kuku.

Swali la tatu umeliuliza hata kabla hujazijua zile C, na nimeona ulilifuta ukaliandika tena: "Je, ni mimi niliyekuangusha?" Nimelisoma kila siku tangu Jumatano. Kuna asubuhi naamka nikiwa na hakika ni ndiyo. Kuna jioni nafunga saiba, namkumbuka Chebet, ambaye naye aliambiwa na mwalimu wake apige C, na nakuwa na hakika ni hapana. Nimejaribu kuchagua moja ili karatasi isirudi kwako ikiwa wazi, maana najua utakavyoitazama. Lakini jibu silijui, Baba.

3. ..............................................................

Ni mimi binti yako,
Nekesa