Madam Nyangeta na Kamba ya Samaki

Madam,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivi, lakini mdomo wangu haujajifunza namna nyingine ya kuanza na wewe. Ni mimi Magesa, yule wa Suguti, uliyekuwa ukiniita Bwana Haraka kwa sababu nilimaliza kuchora jani kabla sijaliangalia. Siku hizi nafundisha baiolojia sekondari huku Butiama. Juzi nilimsimamia binti mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa akichora ua la mharage, nikajisikia nasema, "Umeona. Sasa angalia." Ilikuwa sauti yako kabisa. Nilikwenda kusimama dirishani, na darasa likadhani nimekasirika.

Nina habari za ule mmea wetu. Ni nzuri, na vidole vinaniwasha kuzitoa zote hapa juu, ila wewe ulitukataza kurukia ua kabla ya kueleza shina na majani. Kwa hiyo nivumilie. Nitajaribu kufuata mpangilio wako, ingawa unajua nitaukosea.

Unakumbuka siku yenyewe? Ulitupeleka mwaloni Kibara, wavuvi wanakoshushia samaki, kujifunza makundi yao. Mvuvi mmoja akatuletea mtungo wa sato na ningu, sisi tukaukimbilia tuhesabu mapezi na kubishana. Wewe uliinama ukaangalia kamba. Hakuwa amefungia manila wala katani, alikuwa amepitisha shina la mmea kwenye mashavu ya samaki, na mwishoni kuna ua moja limepondeka, la kijani lenye madoa ya zambarau, limefumba juu kama kikoroboi kilichofunikwa. Ukamuuliza ameikata wapi. "Kwa Minandi, Madam," akasema. "Huku tunafungiaga hiyo, haikatiki ovyo." Ukanunua mtungo wote, ukatugawia samaki, ukaondoka na kamba. Tulikucheka mpaka kwenye geti la shule. Yule mvuvi mpaka leo anaisimulia hiyo hadithi, na kila mwaka samaki wanaongezeka.

Kuanzia hapo Jumamosi zako zikawa za Kwa Minandi. Kile kisiwa si kitu, ni mawe meupe kwa vinyesi vya ndege na vichaka vilivyojibana katikati ya mawe, lakini uliking'ang'ania kama shamba la urithi. Mimi nilikuwa mbeba magazeti ya kukaushia mimea. Nilijifunza huko kwamba mmea ule hauna kikono cha kushikia kama mzabibu, unajizungusha wenyewe kwenye tawi la mwenzake mpaka ufike juani. Nilijifunza kwamba vijiinzi vinaingia ndani ya ua vikazuiwa na vinyweleo, vikalala humo, na vinyweleo vikinyauka vinatoka vimebeba chavua. Ulinionyesha kimoja kikitoka. Ukasema, "Huyu amelala gesti, sasa anakwenda kazini." Sijawahi kufundisha uchavushaji bila kusema hivyo, na wanafunzi wangu wanadhani ni mzaha wangu.

Ulivibana vielelezo kati ya magazeti, ukaviwekea matofali, ukawaandikia wataalamu. Walikujibu kwa heshima: ua linaonekana la kipekee, lakini bila tunda na mbegu hawawezi kusema kama ni aina mpya. Ndiyo tukaanza kulisubiri tunda. Kila tulipokuta ganda changa, mvua iliyofuata ililiangusha, au ndege. Kisha figo zako zikaanza kukusumbua, mimi nikawa nakwenda kisiwani peke yangu, na wewe ukawa unanisubiri nirudi uniulize. Ulipolazwa Musoma nilikuletea picha kwenye simu. Uliishika karibu na uso, ukaikuza kwa vidole, ukasema, "Tunda bado." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, Madam. Wengine wanaachiwa baraka. Mimi uliniachia kazi, na nakushukuru, kwa sababu baada ya mazishi nisingejua pa kuipeleka miguu yangu.

Tunda nililipata. Ni maganda mawili yaliyotokea kwenye kikonyo kimoja, membamba, yameachana kama pembe za ndama. Nililizungushia kipande cha chandarua ili lisidondoke, nikalirudia mpaka lilipokauka. Nililia pale kwenye mawe, wale ndege minandi wakinitazama. Sikuona aibu.

Chuoni nikampata mtaalamu wa mimea, dada mpole, mimi namwita Dokta tu. Alichukua vielelezo vyako na tunda langu, akavilinganisha na ndugu wote wa mmea ule, wa bara na wa visiwa vingine. Siku aliponipigia alikuwa anacheka. Ndani ya ua, ndugu zake ni laini kule juu. Wetu ana vinyweleo mpaka darini. Na jani ni nene kupita wote. Haujawahi kuandikwa na mtu yeyote. Akaniambia pia jambo ambalo ningetoa chochote ulisikie kwa masikio yako: kielelezo kikuu, kile ambacho kila mtu duniani atakilinganisha na wake, ni kile ulichokibana wewe mwenyewe, pamoja na alama za matokeo ya mpira zilizohamia kwenye jani kutoka gazetini.

Halafu akasema, "Jina la ukoo tunalo tayari. Bado la kwake mwenyewe. Nadhani mnalijua." Nilikuwa nalijua, ni lako. Lakini nikamwambia asiandike kwanza.

Utanielewa wewe. Kwenu jina la marehemu ni kurudi kwake. Mtoto akilia usiku bila ugonjwa, wazee wanataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze, na hapo ndipo wanajua nani amerudi. Ila katika ukoo wenu, aliyeondoka bila mtoto jina lake linaachwa lipumzike. Miezi michache baada ya kukuzika, mke wa mdogo wako alijifungua msichana, na msichana akalia kweli kweli. Wakataja majina. Wakalipita lako. Mama yako alikuwa amempakata, na aliniambia baadaye kwamba jina lako lilifika kwenye ulimi wake akalimeza. Mtoto alinyamaza kwa jina la bibi yenu. Ndiyo maana sikutaka kuliweka jina lako kwenye karatasi ya watu wa mbali wakati nyumbani kwenu halitamkwi. Lakini kuwauliza nako niliogopa: wakikataa, Dokta angeandika jina la kisiwa, na wewe ungekuwa umekwisha.

Nikaenda kwenu Nyamuswa, na ganda moja ndani ya kiberiti.

Nilimkuta mama yako uani anachambua pamba, na baba yako mdogo, Mzee Wambura, amekaa pembeni anamsaidia kwa maneno. Unamjua. Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hii mti yenyewe inasimama?" Nikasema hapana Mzee, unaparamia wengine. "Kwa hiyo unataka jina ya mtoto wetu uipe kitu inakaaga mgongoni kwa wenzake?" Nikamwambia haunyonyi mtu, una kiazi chake chini kinachoulisha, kwa mwenzake unaegemea tu ufike juani. Akasema, "Basi hata mimi nimeegemewa sana hapa kijijini." Mama yako alicheka, na mimi nikadhani tumeshinda.

Nikafungua kiberiti nikalipasua ganda kwa ukucha. Unajua kilichokuwamo, ingawa hukuwahi kukiona: mbegu zimepangana, kila moja na kishungi chake cheupe cha nyuzi. Mama yako aliweka chache kiganjani, akachukua na pamba yake akaweka pembeni yake. Akaangalia, Madam. Aliangalia namna ulivyotaka sisi tuangalie. Mwisho akasema, "Hii ni safi yote. Haina fifi, haina uchafu hata kidogo."

Lakini Mzee Wambura hakutaka. Sasa hakuwa anatania tena. Alisema jina la asiyezaa likiitwa linakuja mikono mitupu, linauliza watoto wake wako wapi, na nani atalijibu? Sikumchukia. Nilimwona anaogopa, tena anaogopa kwa ajili yako. "Upe jina ya kisiwa," akasema, "hiyo haina mama." Mama yako akarudi kwenye pamba yake. Nikapanda bodaboda mpaka stendi, na njia nzima ya kurudi Butiama nilikuwa natunga namna ya kumwambia Dokta.

Sikuwa nimemwambia bado mama yako aliponipigia. Hakusalimia. Alisema, "Mwalimu, nipeleke nikaione."

Mwanamke wa Nyamuswa ambaye maji yake makubwa ni ya kisima, Madam, alipanda mtumbwi wa injini Kibara. Alikamata shati langu kwa nyuma na hakuliachia mpaka tunafika. Mzee Wambura alikuja pia, eti kumlinda shemeji yake, na ndiye aliyefumba macho safari nzima. Yule mvuvi wa kamba ndiye aliyetuvusha, akatusimulia mtungo wako, na safari hii ulikuwa na sangara.

Niliwapeleka kwenye yale mawe ya upande wa mashariki, pale ulipopenda kukaa. Mmea ulikuwa na maua. Nikanyanyua jani, mama yako akachuchumaa. Akalitazama ua muda mrefu.

"Hii ndiyo ilikuwaga inamleta huku kila Jumamosi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilidhaniaga ni mwanaume."

Tulicheka wote, hata Mzee Wambura aliyekuwa bado na rangi ya kutapika. Kisha mama yako akauliza, polepole, kama anayechambua pamba: hiyo jina mkiandika, nani ataitaja? Nikasema kila atakayeuchunguza mmea huu, hapa na nchi za mbali. Na wewe ukifa? Wataendelea, Mama, jina likishaandikwa kwa utaratibu halifutwi kirahisi. Na watoto ambao hawajazaliwa? Nikasema hata hao, na nikamwonyesha miche midogo iliyoota kwenye ufa wa jiwe, chini ya mzazi wake.

Akaigusa mmoja mmoja. Akamgeukia shemeji yake akasema neno kwa lugha yenu, kisha akanirudishia kwa Kiswahili ili na mimi nibaki nalo.

"Basi mwanangu amezaa."

Mzee Wambura alivua kofia. Halafu akaniambia, "Andika, mwalimu. Na uandike vizuri."

Imeandikwa, Madam. Makala imetoka, na jina la mmea ni nyangetae. Wenye Kilatini chao wanaongeza kidogo mwishoni kwa kuwa ni wa mwanamke. Mzee Wambura anasema wamekupa mkia, lakini anawatangazia watu sokoni Nyamuswa kwamba wewe uko kwenye vitabu vya dunia na mkia wako. Wavuvi wa Kibara wamekubaliana samaki wa Kwa Minandi wafungwe kwa manila tu. Mtu mmoja alikutwa anakata shina, wakamzomea kwa jina lako: "Unamkata Madam?" Nilipoambiwa nilicheka, kisha nikakaa chini.

Nakushukuru. Nimekuwa na walimu wengi, na wengine walijua mengi, lakini wewe ndiye uliyenipa macho haya ninayotumia kila siku, kwenye mharage, kwenye mtoto aliyekaa nyuma anayeficha kwamba haoni ubaoni, kwenye uso wa mama yako. Nakushukuru kwa Jumamosi zile. Nilidhani nakubebea magazeti, kumbe ndivyo nilivyokuwa nalelewa.

Sasa nikuache, Madam. Pumzika salama, na usinisahihishe hii barua, najua nimeruka shina. Naahidi hivi: maadamu nina miguu, kila msimu nitavuka kwenda kukuona, na kila nikirudi nitapiga simu Nyamuswa. Mama yako haulizi tena habari za mmea. Anauliza, "Mwanangu hajambo?" Juzi mvua zimeanza, nikaenda, nikampigia nikiwa bado mwaloni na viatu vimelowa. Nikamwambia, hajambo Mama, ametoa maua.

Mwanafunzi wako,
Magesa
Butiama