Sikio la Punda wa Wiyoni

Jumapili, baada ya isha

Picha zote nilizopiga kwenye mbio za punda leo zina ukungu isipokuwa moja. Nilikaa viti vya nyuma kabisa, nikavuta kwa simu mpaka mwisho, nikawanasa punda wawili penye mstari wa kumalizia. Punda wa mtaa wa Wiyoni ametangulia kwa sikio. Ushindi amepewa mpanda punda wa pili, mpwa wa Bwana Athumani, bosi wangu.

Mzee wa kiti cha kando yangu alichungulia simu, akacheka. "Karani, wapelekee waamuzi hiyo!"

Nikasema haionekani vizuri.

Tulipokuwa tukitoka, Bwana Athumani aliniuliza, "Umepata kitu, au umepiga vumbi tu?"

"Vumbi, Bwana."

Mkataba wangu unaisha mwezi huu.

Kijana wa Wiyoni alikuwa akimwogesha punda wake. Nambari yake ya simu ninayo. Picha sijaifuta, wala sijaituma.