Haivuji, Imejaa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti halikusumbui tena unapopanda kwenda kanisani. Mimi huku Ujerumani mwili ni mzima, moyo ndio una habari. Nimemtumia Fabiola barua hii kwenye simu aichape pale stesheneri ya Mbamba Bay, kisha akusomee. Fabiola mdogo wangu, soma polepole, na usiruke hata pale ninapoaibika.

Mama, nina wivu. Nimeona nianze na hilo kwa sababu ndilo linalonifanya niandike.

Unajua kwamba mimi na Matthias, mgeni wako, tunafanya kazi ofisi moja. Tulitengeneza pamoja ile picha ya ziwa letu inayotembea, inayoonyesha maji ya baridi yakipanda kutoka chini upepo wa mwera, ule wa kusini, unapovuma, hadi wale samaki wadogo, usipa, wanapata chakula. Ilipofika siku ya kuchagua nani aende kuwaonyesha wavuvi, nilijua ni mimi. Nimeogelea maji yale kabla sijajua kusoma. Bosi akasema hapana, programu niliiandika mimi, basi nibaki niirekebishe ikiharibika. Matthias akapanda ndege. Mimi mwenyewe nikamwelekeza kwako, maana mgeni wangu hawezi kulala gesti na mama yangu yupo.

Basi zikaanza habari za Fabiola. Mgeni anakula ugali wa muhogo na usipa hadi anaramba vidole. Mgeni anawaamkia Shikamoo watoto wa darasa la pili, nao wanamwitikia Marahaba bila hata kucheka. Mgeni analala chumbani kwangu. Halafu siku moja, kwa sauti yako mwenyewe nyuma ya Fabiola, nikasikia ukimwita: mwanangu, njoo ule. Nilikuwa na mkate mkononi, nikaurudisha sahanini.

Kwa hiyo picha ilipokwama mbele ya wavuvi pale ukumbi wa kanisa, sitakudanganya, nilifurahi. Ilikwama mara mbili, kila ikifika mwezi wa saba wa mwaka inaouonyesha, kabla tu ya maji kupanda, na hilo ndilo wavuvi walilokuja kuliona. Matthias akaniandikia kuomba msaada. Nikasoma, nikaacha siku mbili bila kujibu. Nilijiambia nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi nyingi. Na bosi aliponiuliza, nikamwambia huenda Matthias amechezea kitu asichokijua.

Ndipo ukaja ujumbe wake wa tatu, kuhusu beseni.

Sisi wa kazi hii, programu ikimaliza memori ya mashine, tunasema inavuja. Neno hilo la Kiswahili nilimfundisha Matthias mimi mwenyewe. Naye akakuambia kompyuta inavuja, na wewe hukumuuliza kitu, ukasogeza unga, ukaleta beseni ukaliweka chini ya meza. Kisha ukapapasa chini ya mashine, ukaona pakavu. Alikurekodi ukisema:

"Baba, hii haivuji. Kitu kikivuja kinapungua. Hii imejaa, kama simu ya Fabiola. Muulizeni aliyeijaza ameweka nini."

Nilisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika kwamba umemwita baba. Mara ya tatu ndipo nikasikia ulichosema. Nilipoanza kuikagua nilikuwa natafuta memori inavujia wapi, kumbe ilipasa nitafute nani ameishikilia.

Nilimpata kabla ya chakula cha mchana. Ni mimi. Picha ile ni picha nyingi zinazopita upesi, na kila moja ikishaonekana inapaswa kuachiliwa. Mwanzoni kabisa niliandika mstari mmoja unaoiambia mashine itunze kila picha iliyopita. Niliuweka ili nikikaa peke yangu nirudi nyuma nikatazame ufukwe wetu, pale ambapo nyumba yako ingekuwepo kama picha ingeonyesha vitu vidogo zaidi. Kisha nikausahau. Mashine haikusahau, ilitunza zote hadi ikashindwa kupumua.

Nikaufuta. Programu ikatembea kutwa nzima, memori ikabaki palepale, na picha ikafika Desemba.

Mama, hapo shetani alikuja na kiti chake. Aliniambia kaa kimya hadi Jumapili ipite. Wavuvi walikuwa wamesema wanakuja mara ya mwisho. Wangeondoka, Matthias angerudi na aibu yake, na safari nyingine ningepewa mimi. Nikaenda kuchemsha chai. Nikakuona akilini umekaa benchi la mbele na beseni lako, ukimwonea huruma. Nikarudi nikamtumia marekebisho, kisha nikamwambia bosi kosa lilikuwa la nani.

Bosi alinisikiliza, akashukuru, akasema basi, kwa kuwa sasa inafanya kazi, Matthias akae huko wiki mbili zaidi. Hayo ndiyo malipo ya ukweli.

Nisalimie baba mdogo wa Ukata, mwambie avune kahawa taratibu, mgongo si wa chuma. Msalimie shemeji anayeendesha lori la makaa ya mawe ya Ngaka, na mama mkubwa wa kwaya, ambaye nasikia naye ameshamfundisha mgeni nyimbo.

Nina swali moja tu. Matthias ameniandikia kwamba jana, baada ya Misa, picha ilipofika mwisho na watu wakapiga makofi, wewe ulisimama ukasema, "Hiyo ni kazi ya mwanangu." Anasema ukumbi mzima uligeuka kumtazama yeye.

Mama, ulimaanisha nani? Fabiola, jibu la Mama liandike kama lilivyo, usiliongezee sukari.

Mwanao wa kwanza, na natumaini bado,
Kanisius